Ufunguo Umekataliwa? Usikimbilie Neno la Siri

Nimekuwa kimya kwa mwezi mzima hivi, na wanaonijua wanajua kwamba kunyamaza si kawaida yangu. Sikuwa mgonjwa wala sikusafiri. Nilikuwa na aibu. Leo nimeamua kuitoa aibu hiyo hadharani, kwa sababu naamini watengenezaji programu wengi wa rika langu hapa Nairobi wanafanya kosa nililolifanya mimi, na wengi wao hawajalilipia bado.

Kosa lenyewe ni hili: ufunguo wangu wa SSH ulikataliwa na seva, nikashindwa kujua sababu, nikarudisha neno la siri "kwa muda tu".

Msimamo wangu nauweka wazi mapema, ili asiye na wakati wa kusoma hadi mwisho aondoke na kitu. Ufunguo ukikataliwa, karibu kila mara usimbaji wenyewe hauna kasoro. Kilichoharibika ni ruhusa za faili, jina la mtumiaji, au mstari uliokatika wakati wa kunakili. Haya ni matatizo ya dakika tano kwa anayejua pa kutazama. Kuuondoa ulinzi wote kwa ajili ya tatizo la dakika tano ni sawa na kung'oa mlango wa nyumba kwa sababu kitasa kimekwama.

Kwanza, kwa wale wasioishi ndani ya terminali. SSH ni njia ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali na kuiamrisha kana kwamba umeketi mbele yake, huku kila kinachopita njiani kikiwa kimesimbwa. Aliitunga Tatu Ylönen mwaka 1995, akiwa mtafiti katika chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, Finland, baada ya mtu kuingilia mtandao wa chuo hicho na kunasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita. Kabla ya hapo wengi walitumia telnet, ambayo hupeleka neno la siri waziwazi, kama postikadi ambayo kila mfanyakazi wa posta anaweza kuisoma. Leo seva nyingi za Linux huingiwa kupitia OpenSSH, programu huria iliyotolewa na watu wa OpenBSD mwaka 1999.

Kuna njia mbili za kawaida za kuingia: neno la siri, au jozi ya funguo. Ufunguo wa umma ufikirie kama kufuli la Solex. Unaweza kulitundika kwenye mlango wowote, na jirani akiliona si hoja. Ufunguo wa siri unabaki mfukoni mwako. Unapoingia, kompyuta yako hutia sahihi kwa ufunguo wa siri, na seva huihakiki sahihi hiyo kwa ufunguo wa umma. Ufunguo wa siri wenyewe haupiti njiani hata mara moja. Neno la siri ni kinyume chake: kila ukiingia unaikabidhi seva siri yako, na kama seva hiyo imeshatekwa, umemkabidhi mwizi.

Haya, sasa kisa chenyewe.

Ilikuwa Ijumaa jioni, mwanzo wa Januari. Mmoja wa wateja wetu ni sacco ndogo ya wafanyabiashara wa sokoni: wauza mboga, wauza mitumba, mafundi wa viatu. Mfumo wao wa akiba na mikopo tulioutengeneza uko kwenye seva ya kukodi iliyo Ujerumani. Jumamosi asubuhi wanachama walikuwa waje kuchukua mikopo ya karo, kwa maana shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Mwenyekiti wao, mama mmoja mtaratibu sana, akanipigia simu: "Kijana wangu, orodha ya mikopo haichapishiki. Kesho watu wataniuliza nini?" Nikamwambia, "Usijali, Mama, nusu saa tu."

Nikaandika amri niliyoiandika mara elfu:

ssh mfumo@seva-yetu

Seva ikajibu "Permission denied", na baada yake neno moja: publickey. Basi. Hakuna maelezo, hakuna sababu.

Nikarudia. Nikazima laptopu na kuiwasha. Nikatoka kwenye mtandao wa ofisi nikatumia bando la simu. Nikatengeneza ufunguo mpya, kisha nikakumbuka kwamba sina njia ya kuupeleka kwenye seva. Saa moja na nusu usiku stima ikapotea, na kwa muda tukabaki tunatazamana kwa mwanga wa skrini. Mwenzangu wa meza ya pili, ambaye alikuwa na safari ya Nakuru usiku huo, akasema: "Rudisha paswadi tumalize, twende nyumbani. Jumatatu utaizima."

Nikapita kwenye konsoli ya dharura ya kampuni iliyotukodisha seva, nikafungua faili ya /etc/ssh/sshd_config, nikaandika PasswordAuthentication yes, nikaianzisha upya huduma. Nikaingia kwa neno la siri. Orodha ikachapishwa. Jumamosi mikopo ikatoka, na Mama mwenyekiti akanitumia ujumbe wa kuniombea baraka. Nilijisikia shujaa.

Jumatatu ikaja na mambo yake. Nikasahau.

Siku 19 baadaye kampuni ile ilituandikia kwamba seva yetu inashambulia seva za watu wengine. Ndipo nilipoifungua logi kwa mara ya kwanza. Mtu asiye wetu alikuwa ameingia saa tisa usiku kupitia akaunti iliyoitwa test. Akaunti hiyo ilifunguliwa mwaka uliotangulia na mwanafunzi aliyekuja kwetu kwa atachimenti, na neno lake la siri lilikuwa test123. Kwa mwaka mzima neno hilo halikuwa na madhara, kwa kuwa seva ilikuwa haikubali neno la siri la mtu yeyote. Siku nilipoufungua mlango wangu, niliufungua na wake.

Na kibaya zaidi ni hiki. Katika logi hiyohiyo, nikirudi nyuma hadi ile Ijumaa, kulikuwa na mstari mmoja unaojirudia kila nilipojaribu kuingia. Ulisema kwamba seva imekataa kwa sababu ya umiliki au ruhusa mbaya za faili ya /home/mfumo/.ssh/authorized_keys. Sababu ilikuwa imeandikwa pale tangu dakika ya kwanza. Sikuisoma.

Ruhusa hizo aliziharibu nani? Mimi. Alhamisi, siku moja kabla, wanachama walishindwa kupakia picha za vitambulisho. Nikaitibu kwa dawa ya wavivu: chmod -R 777 kwenye folda nzima ya nyumbani, ambamo mfumo wote umekaa. Picha zikapanda. Mimi nilikuwa tayari nimo ndani ya seva, kwa hiyo sikuona tofauti yoyote hadi nilipotoka na kujaribu kurudi Ijumaa. Na kwa kuwa 777 maana yake ni kwamba kila akaunti kwenye seva inaweza kusoma na kuandika humo, yule mgeni wa saa tisa usiku, akiwa na akaunti dhaifu kuliko zote, angeweza kuisoma faili yenye neno la siri la hifadhidata. Hatukuona dalili kwamba aliisoma. Lakini hatukuweza kuapa kwamba hakuisoma.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka kwamba palipo na hatari ya kweli ya madhara, anayesimamia data amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Kwa hiyo ilibidi twende kumwambia Mama mwenyekiti. Nilimweleza yote, ya 777 na ya neno la siri. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza swali moja: "Kwa hiyo, kijana wangu, nyinyi mlijua mlango uko wazi?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Ndiyo sababu naandika. Watu wakizungumza habari za usalama wa mitandao huzungumza juu ya wadukuzi wenye akili nyingi. Aliyeingia kwetu hakuhitaji akili. Alisukuma mlango nilioufungua mwenyewe kwa kuwa nilishindwa kusoma mstari mmoja. Naamini kwamba ujuzi wa kutafuta kwa nini ufunguo umekataliwa ni sehemu ya ulinzi wenyewe. Mfumo wa funguo usio na mtu anayejua kuutengeneza unapokwama utazimwa siku ya shida, na siku ya shida ndiyo siku mbaya kuliko zote kuuzima.

Basi tuanze na swali linalowaudhi wengi: mbona seva haisemi sababu? Ni makusudi. Anayebisha hodi hajulikani. Ukimwambia "jina hilo halipo hapa" au "ufunguo ni sahihi ila folda ina ruhusa mbaya", umempa mwizi ramani ya nyumba. Kwa hiyo SSH humjibu aliye nje kwa maneno machache sana, na sababu yenyewe huiandika ndani, kwenye logi. Ukilielewa hili peke yake, umeshapona nusu ya ugonjwa. Acha kubahatisha ukiwa nje. Tafuta njia ya kuingia ndani ukasome.

Mimi sasa nafuata utaratibu huu, na nimeubandika ukutani.

Kwanza, nauliza kama ufunguo wangu umetolewa kabisa. Amri ni ileile, unaongeza -v:

ssh -v mfumo@seva-yetu

Utaona mistari mingi. Tafuta ule unaosema "Offering public key", kisha utazame jina la faili iliyotajwa. Kama ufunguo unaoutarajia hautajwi popote, tatizo liko kwako, kwenye laptopu. Kama umetolewa na seva ikaupita kimya, mara nyingi tatizo liko upande wa seva. Jaribio hili moja hugawa matatizo mengi mafungu mawili, na hukuokoa kuhangaika upande usiofaa kama nilivyohangaika mimi.

Yakiwa upande wako, mara nyingi ni haya. Jina la mtumiaji si lenyewe: seva moja inataka ubuntu, nyingine debian, nyingine ec2-user, nawe unabisha kwa jina la laptopu yako. Au una funguo nyingi mno. Seva kwa kawaida huvumilia majaribio 6 tu, na kama wakala wako wa ssh-agent anashika funguo kumi, anaweza kuzimaliza nafasi zote kabla hajafikia ule sahihi. Hapo utaambiwa "Too many authentication failures". Dawa ni kuandika kwenye ~/.ssh/config kwamba seva hii inatumia ufunguo huu tu, kwa IdentityFile pamoja na IdentitiesOnly yes. Au faili ya ufunguo wa siri iko wazi kwa watumiaji wengine, na SSH inakataa kuutumia hadi uandike chmod 600. Hapa wapo wanaonaswa na flashi: ufunguo ukiwa kwenye flashi ya FAT, chmod haifanyi kitu, kwa sababu flashi hiyo haihifadhi ruhusa za Linux kamwe. Unakili ufunguo kwenye folda ya ~/.ssh ndipo urekebishe.

Pili, kama tatizo liko kwenye seva, nafungua logi kabla ya kugusa kitu. Kwenye Debian na Ubuntu tazama /var/log/auth.log au andika journalctl -u ssh. Kwenye jamii ya Red Hat tazama /var/log/secure. Huwezi kuingia? Tumia konsoli ya kampuni ya seva, kama nilivyoitumia mimi ile Ijumaa. Nilikuwa nimeshafika ndani! Nilikuwa hatua moja kutoka kwenye jibu, nikapita pembeni yake kwenda kubomoa mlango.

Ruhusa zinazotakiwa ni rahisi kukumbuka: folda ya .ssh iwe 700, faili ya authorized_keys iwe 600, na folda ya nyumbani isiandikike na mtu mwingine yeyote ila mwenyewe. Na vyote viwe mali ya mtumiaji husika. Wengi hutengeneza faili hiyo kwa sudo, ikawa mali ya root, kisha wanashangaa. Kwenye mashine zenye SELinux, folda iliyohamishwa kutoka kwingine huenda ikahitaji restorecon -R ~/.ssh.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu huko mtandaoni utakutana na ushauri wa kuandika StrictModes no, ili seva iache kukagua ruhusa hizo. Ushauri huo ni sumu. Fikiria kwa nini ukaguzi upo: kama mtu mwingine anaweza kuandika ndani ya folda yako, anaweza kuongeza ufunguo wake kwenye orodha yako, kisha akaingia kwa jina lako. Ndiyo hali hasa niliyoitengeneza kwa 777. Yule mgeni wa akaunti ya test angeweza kuupachika ufunguo wake kwenye orodha ya mfumo, akaunti yenye mamlaka makubwa. Kwa njia hiyo asingeingia, kwa kuwa seva ingemkataa kwa sababu ileile iliyonikataa mimi. Ukaguzi nilioulaani ile Ijumaa ulikuwa bado unalinda mlango mmoja hata baada ya mimi kufungua mwingine.

Tatu, nahakikisha kwamba ufunguo ulio kwenye seva ndio ulio kwangu. Ukinakili ufunguo wa umma kupitia barua pepe au ujumbe wa simu, mstari mmoja hukatika ukawa miwili, na seva haitautambua. Wanaotumia PuTTY nao wana mtego wao: faili ya umma inayohifadhiwa na PuTTYgen huwa na mistari mingi, ilhali authorized_keys inataka mstari mmoja. Nakili ule ulioonyeshwa kwenye kisanduku cha juu cha dirisha. Kisha hakiki pande zote mbili kwa amri ya ssh-keygen -lf ikifuatwa na jina la faili. Alama za vidole zikifanana, acha kuulaumu ufunguo.

Nne, umri. Toleo la OpenSSH 8.8 la mwaka 2021 liliacha, kwa mpangilio wa kawaida, kukubali sahihi za RSA zinazotumia SHA-1. Ukinunua laptopu mpya na seva yako ni ya zamani sana, ufunguo uliofanya kazi miaka kumi unaweza kukataliwa ghafla ilhali hujagusa kitu. Dawa ya kweli ni kuisasisha seva na kuhamia ed25519, aina ya ufunguo iliyoko kwenye OpenSSH tangu mwaka 2014:

ssh-keygen -t ed25519

Na ukilazimika kugusa sshd_config, usifunge dirisha uliloingilia. Kagua faili kwa sshd -t, anzisha upya, kisha jaribu kuingia kwa dirisha la pili. La pili likifaulu ndipo ulifunge la kwanza. Kanuni hii haina gharama yoyote, na imeniokoa mara mbili tangu Januari.

Kuna tabia nyingine mbili ninazotaka tuziache, maana zimezaliwa na haraka hiyohiyo.

Ya kwanza ni kufuta known_hosts kila onyo kubwa linapotokea kwamba utambulisho wa seva umebadilika. Nami nilikuwa hivyo. Onyo lile lipo ili kukuuliza: je, una hakika unazungumza na seva yako, si na mtu aliyejiweka katikati? Machi 2023 GitHub walilazimika kubadilisha ufunguo wa RSA wa seva zao baada ya ule wa siri kuonekana kwa muda mfupi kwenye hazina ya wazi. Watu wengi waliliona onyo hilo siku ile. Jambo la busara lilikuwa kulinganisha alama mpya ya kidole na ile waliyoitangaza GitHub kwenye tovuti yao, kisha kufuta mstari mmoja unaohusika kwa ssh-keygen -R. Aliyefuta faili nzima bila kuuliza alikuwa na bahati tu kwamba siku hiyo mabadiliko yalikuwa ya haki.

Ya pili ni ofisi nzima kutumia ufunguo mmoja wa siri, unaotumwa kwa WhatsApp kila mfanyakazi mpya anapokuja. Huo umeacha kuwa ufunguo wa siri. Mmoja akiacha kazi, utaubadilisha kila mahali? Logi ikisema ufunguo fulani umeingia saa tisa usiku, utamuuliza nani? Kila mtu awe na wake, na kila laptopu iwe na wake. Mtu akiondoka, unafuta mstari mmoja kwenye seva na mambo yameisha.

Najua majibu nitakayopewa, kwa hiyo niyajibu mapema.

Mmoja atasema: "Neno la siri refu na gumu lina ubaya gani?" La kwako halina ubaya. Lakini swichi ile haifungui neno lako peke yake. Inafungua maneno ya siri ya akaunti zote zilizomo, na ulinzi wa seva unakuwa sawa na ule wa akaunti dhaifu kuliko zote. Wewe unajua neno lako ni gumu. Je, unayajua ya wengine wote, pamoja na ya mwanafunzi aliyeondoka mwaka jana?

Mwingine atasema funguo nazo huibiwa, na laptopu hunyakuliwa hata ndani ya matatu. Ni kweli. Ndiyo maana ufunguo wa siri nao ulindwe kwa neno lake la siri, ambalo haliendi popote nje ya laptopu, na ssh-agent akuepushe kuliandika kila mara. Tena nakubali kwamba funguo si hirizi. Mei 2008 iligunduliwa kwamba Debian na Ubuntu, kutokana na badiliko lililofanywa mwaka 2006 kwenye OpenSSL, zilikuwa zikitengeneza funguo za kubahatishika: kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo kulikuwa na uwezekano wa funguo 32,767 hivi tu kwa aina moja ya mashine. Watu walilazimika kutafuta funguo hizo kila mahali na kuzitupa. Waliokuwa na orodha safi ya funguo zao walimaliza upesi. Waliokuwa hawajui nani ana ufunguo gani waliumia.

Wa tatu ndiye ninayemhurumia, kwa sababu nilikuwa yeye. Atasema: "Hayo ni ya makampuni makubwa. Mimi ni mtu mmoja, mteja anapiga simu, na ni Ijumaa usiku." Ndugu yangu, nakuelewa. Nami sikwambii mteja asubiri. Nakwambia tengeneza njia ya dharura kabla ya dharura. Jaribu konsoli ya kampuni ya seva leo, ukiwa umetulia. Weka ufunguo wa pili wa akiba mahali salama. Na ikibidi kabisa kufungua neno la siri, lifungue kwa mtumiaji mmoja tu kwa kutumia Match, na upange kabla hujaondoka kwenye kiti amri itakayolifunga lenyewe baada ya saa moja. "Nitaizima Jumatatu" si mpango. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi niliujenga: tuliifuta seva yote na kuipanga upya kutoka mwanzo, kwa sababu kwenye folda ya 777 mgeni angeweza kuacha chochote popote, na hatukuwa na njia ya kuiamini tena.

Wanachama waliambiwa kwenye mkutano wao. Mama mwenyekiti alisimama mbele yao akaeleza yeye mwenyewe, nami niliketi kando nikitazama viatu vyangu. Mzee mmoja aliuliza kama pesa zake zipo. Zilikuwapo. Akauliza tena kama namba ya kitambulisho chake anayo mtu mwingine. Nikasimama nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Aliitikia kwa kichwa akaketi.

Hawakutufukuza. Lakini kila Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza chai, simu huita. Ni Mama. Hanisalimu kwa kirefu. Huuliza tu, "Kijana wangu, mlango umefungwa?"

Naye hanikuti nikibahatisha. Nimeshaingia kwenye seva, nimesoma logi, nimekagua swichi. "Umefungwa, Mama."

Haya, ndugu msomaji, sasa ni zamu yako. Ingia kwenye seva yako leo, uandike sudo sshd -T | grep -i passwordauthentication, usome jibu. Likiwa yes, jiulize ni Jumatatu ipi uliyokuwa unaisubiri. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.